Faili Hili Lilizaliwa Lini?

Kwa miaka mingi nimetunza seva ambazo watu wengine ndio wanaozijaza. Wanapakia picha, majedwali, kumbukumbu za mitambo na mafurushi ya data yaliyobanwa, kisha wanakuja na swali linaloonekana jepesi kuliko yote: ni mafaili gani yameingia humu tangu Jumatatu?

Ukiipelekea find, amri ya Linux ya kutafutia mafaili, swali hilo, mkono unaandika wenyewe:

find . -type f -mtime -7

Jibu linakuja haraka, na ni jibu la swali jingine. mtime ni muda ambao yaliyomo ndani ya faili yalibadilishwa mara ya mwisho, na programu nyingi zinazoleta faili kutoka kwingine huubeba muda huo pamoja na faili lenyewe. tar ikifungua furushi hurudisha mtime ya asili. unzip nayo vilevile, na rsync, ya kunakili folda kutoka mahali hadi mahali, ikiwa na -a. Hata wget, ikishusha faili kutoka kwenye tovuti, hulipa mtime iliyotangazwa na seva ya upande wa pili, ilhali curl haifanyi hivyo mpaka uiambie kwa -R.

Nililijua hilo kwa nadharia kabla sijakutana nalo kazini. Siku tulipokutana, diski ilikuwa imejaa ghafla, na kijana niliyefanya naye kazi akanijia na uso wa mtu aliyeona jini. "Kaka, nafasi imekwisha, lakini hakuna faili jipya hata moja." Alikuwa amepekua seva nzima kwa mtime na kupata vitu vidogo vidogo tu. Mzigo wenyewe ulikuwa furushi la data za zamani lililofunguliwa usiku ule, na kila faili ndani yake lilijitambulisha kwa tarehe za 2016. Kwa macho ya find vilikuwa vitu vikongwe vilivyokaa pale tangu enzi. Tulivipata kwa du, amri inayopima nafasi iliyoliwa, kwa kulinganisha ukubwa wa folda na ripoti ya wiki iliyotangulia.

Kilichonishughulisha baada ya hapo hakikuwa diski. Ilikuwa ni kwamba chombo kikuu cha kutafutia faili kwenye Linux, kinachojua kuuliza ukubwa, mmiliki, ruhusa, idadi ya majina na hata aina ya mfumo wa mafaili, hakikuweza kuniambia jambo ambalo mtu yeyote angelidhani ni la kwanza kuandikwa: faili hili lilianza kuwepo hapa lini.

Wazoefu watasema, tumia ctime. Nami nilitumia, kwa muda mrefu, na sijutii. Kwanza tuelewane kwamba ctime si muda wa kuumbwa kwa faili, ingawa utawakuta watu wazima wakiapa hivyo. Ni muda ambao inodi ilibadilika mara ya mwisho. Inodi ni ile rekodi ya mfumo wa mafaili inayobeba kila kitu kuhusu faili isipokuwa jina lake na yaliyomo: ukubwa, mmiliki, ruhusa, mihuri ya muda, na mahali data ilipo kwenye diski. Ubora wa ctime ni kwamba tar haiwezi kuirudisha nyuma, wala touch, amri ya kubadili mihuri ya muda. Furushi lile la 2016 lilikuwa na ctime ya usiku uleule, kwa hiyo find . -ctime -1 ingelifichua mara moja. Nikaandika hivyo kwenye skripti za ukaguzi, na kwa muda mambo yakaenda.

Udhaifu wa ctime ni kwamba karibu kila kitu huigusa. chmod -R moja ya kubadili ruhusa juu ya folda kubwa, na mafaili yote yana ctime ya dakika ileile. chown, ya kubadili mmiliki, hali kadhalika. Kubadili jina, kwenye mifumo mingi ya Linux, nako huisogeza. Lakini kilichoniondoa kabisa kwenye ctime ni kitu kidogo kuliko hivyo. Kwenye seva moja niliyokabidhiwa, aliyenitangulia alikuwa ameweka kazi ya kila usiku iliyotumia cp -al kutengeneza "nakala" ya folda nzima. Amri hiyo hainakili data. Inalipa kila faili jina la pili linaloelekea kwenye inodi ileile. Sasa, idadi ya majina ya faili ni sehemu ya inodi. Jina likiongezeka, inodi imebadilika. Inodi ikibadilika, ctime inasogea. Kila asubuhi, kila faili la folda ile lilikuwa limeguswa usiku uliopita, na -ctime -1 ilirudisha kila kilichomo. (Na hiyo haikuwa bakapu hata kidogo, maana ukiandika juu ya faili moja, "nakala" nayo inabadilika. Lakini hilo ni soga la siku nyingine.)

Hapo ndipo nilipoanza kuutafuta muda wa kuzaliwa kwa dhati.

Nilichokikuta kilinikera kidogo: muda huo ulikuwapo kwenye diski siku zote. ext4, mfumo wa mafaili wa Linux uliotangazwa kuwa tayari katika kerneli (kiini cha Linux) 2.6.28 mwishoni mwa 2008, ina sehemu iitwayo crtime ndani ya inodi. Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, inao. XFS inao katika muundo wake wa toleo la 5. Nje ya Linux jambo hili lilikuwa la kawaida hata kabla ya hapo: FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, iliupata kupitia UFS2, mfumo wake wa mafaili, mwaka 2003, Mac huonyesha tarehe ya kuundwa kwenye dirisha la kawaida kabisa, na NTFS ya Windows huuhesabu kwa vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601. Kwenye Linux muda uliandikwa, ukahifadhiwa, na hakukuwa na mlango wa kuuchungulia. Mwito wa mfumo uitwao stat, ambao programu zote huutumia kuuliza habari za faili, hurudisha muundo wenye nafasi ya atime (muda wa kusomwa), mtime na ctime. Nafasi ya nne haipo, na POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix, haiidai.

Njia pekee wakati huo ilikuwa kwenda mwenyewe kwenye diski kwa mamlaka ya msimamizi. Unachukua namba ya inodi kwa ls -i, kisha:

debugfs -R 'stat <131074>' /dev/sda2

Katikati ya maandishi yanayotoka kuna mstari wa crtime. Kwa faili moja ni raha tupu, unajiona mpelelezi. Kwa folda yenye mafaili laki kadhaa ni adhabu, na huwezi kumpa mtumiaji wa kawaida amri inayosoma diski ghafi.

Mlango ulichelewa kufunguliwa, na si kwa uvivu. David Howells, mmoja wa waandishi wa kerneli, alipendekeza mwito mpya, wakati huo ukiitwa xstat, mwaka 2010. Mabishano yakaenda na kurudi juu ya nini kiwemo na nini kisiwemo, na hata jina la muda wenyewe. Ulipoingia hatimaye kwenye kerneli 4.11, Aprili 2017, ulikuwa unaitwa statx. glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, ikaupa njia ya kuitwa na programu za kawaida katika toleo 2.28 la 2018. coreutils, kifurushi cha amri za msingi kama ls na stat, ikafuata: stat ya toleo 8.31, la 2019, ikaanza kujaza ule mstari wa Birth ambao kwa miaka ulikuwa na kistari kitupu, na ls ya 8.32, mwaka 2020, ikapata --time=birth. Kwa hiyo kitu kilichoandikwa kwenye diski tangu 2008 kilianza kuonekana kwa mtumiaji wa kawaida zaidi ya miaka kumi baadaye. Ukishaifuata safari hiyo hatua kwa hatua, unaacha kuwalaumu wanaotunza find kana kwamba wamesahau mstari mmoja wa kodi (msimbo wa programu).

Lakini find yenyewe? Mwongozo wa find ya GNU unautaja muda wa kuzaliwa. Kuna -newerXY, ambamo herufi B husimama badala ya muda huo, na kuna %B kwenye -printf. Nilipojaribu find . -newerBt '2021-03-01' kwenye Linux, ilinijibu kwamba mfumo huu hautoi njia ya kujua muda wa kuzaliwa wa faili. Kwenye mashine ileile, dakika ileile, stat ilikuwa inaonyesha muda huo bila shida. Nilipojaribu %B, nikapata nafasi tupu. Maelezo ni kwamba find iliandikwa kusoma muda wa kuzaliwa pale ambapo muundo wa stat wenyewe unaubeba, kama kwenye BSD. Linux ilipouweka kwenye mwito mwingine kabisa, chaguo likabaki kwenye mwongozo bila kitu nyuma yake. Kwenye FreeBSD na Mac, find inazo -Bmin, -Btime na -Bnewer, na zinafanya kazi bila mbwembwe. Nilipopewa Mac ya kazini niliitumia -Btime kwa furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli, kisha nikarudi kwenye seva za Linux kuzunguka tena.

Mzunguko wenyewe ni huu, find ikitoa majina na xargs ikiyakabidhi kwa amri ya stat, na ndio ninaoutumia hadi leo:

find . -type f -print0 | xargs -0 stat --printf '%W\t%n\0' | sort -zn | tr '\0' '\n'

%W ni muda wa kuzaliwa kwa sekunde tangu 1970, na %w ndogo ni tarehe inayosomeka na binadamu. Herufi tupu ya \0 kati ya majina si urembo. Watu hupakia mafaili yenye nafasi kwenye majina, na niliwahi kukuta jina lenye mstari mpya katikati, lililozaliwa na programu fulani iliyonakili kichwa cha barua pepe kikiwa kizima. Ile tr ya mwisho, inayogeuza \0 kuwa mistari, iondoe kama matokeo yanaenda kwenye programu nyingine badala ya macho yako. Ukitaka kuchuja kwa tarehe, weka awk, ya kuchuja kwa safu, katikati, ilinganishe safu ya kwanza na matokeo ya date -d '7 days ago' +%s. Usiandike -exec stat {} \; kwenye folda kubwa, kwa sababu itaanzisha stat upya kwa kila faili; malizia kwa {} + au pitia xargs.

Jambo moja la hapa linahitaji kukaziwa macho. Pale ambapo muda wa kuzaliwa haujulikani, %W hutoa 0 na %w hutoa kistari. Hiyo sifuri ni mtego. Ukipanga kwa muda, mafaili yasiyo na tarehe yanajipanga mbele kabisa kama wazee wa ukoo, na ukiomba "yaliyozaliwa kabla ya 2020" yanaingia yote. Kutojulikana kumegeuka kuwa uzee. Kwenye skripti inayofuta vitu vya zamani, tofauti hiyo ni kati ya usafi na msiba.

Na hapo ndipo niliposhika kwa nini kuongeza chaguo la namna hii kwenye chombo cha kutafutia si jambo la mchana mmoja. Tuseme find inapata -Btime kwenye Linux leo. Faili lisilo na muda wa kuzaliwa lijibuje? Ukisema halilingani na sharti lolote, basi anayeandika ! -Btime -7, yaani "yasiyozaliwa wiki hii", atayapata yote yasiyo na tarehe, na pengine ndiyo yaliyoingia jana. Ukisema chombo kisimame na kulalamika, folda moja iliyopachikwa kutoka kwenye diski ya zamani inavunja msako mzima. Ukitoa onyo kwa kila faili, terminali inafurika. Mimi ningechagua onyo moja kwa kila mfumo wa mafaili na faili kuchukuliwa kuwa halilingani, hata kinyume chake kikiulizwa; lakini najua kuna watakaosema hiyo inavunja mantiki ya "si", nao hawana kosa.

Na usidhani mafaili yasiyo na tarehe ni adimu. ext4 huweka crtime kwenye sehemu ya ziada ya inodi, ile iliyo nje ya baiti 128 za kwanza. Inodi za baiti 256 zina nafasi hiyo. Mfumo ulioanza kama ext3 na kupandishwa daraja unaweza kuwa bado na zile za 128, na kwa miaka mke2fs, amri inayounda mifumo hii ya mafaili, ilitumia 128 kwa migao midogo, kama ile ya /boot. tune2fs -l hukuonyesha ukubwa wa inodi, na ndicho kitu cha kwanza ninachotazama kwenye seva nisiyoifahamu kabla sijaamini tarehe yoyote. Inodi hizo ndogo pia haziwezi kuhesabu muda zaidi ya 2038, kwa hiyo una sababu mbili za kuzihama.

Vyombo vipya vya kutafutia havijapona kirahisi kwa kuwa vipya. fd, iliyoandikwa kwa Rust na inayopendwa kwa kasi yake na kwa amri fupi, ina --changed-within na --changed-before, na zote husoma mtime. Niliitumia kwa kazi ya kila siku na bado naitumia, ila kwa swali la "nini kimeingia" ilinirudisha palepale pa mwanzo. eza, ambayo ni ya kuorodhesha zaidi kuliko kutafuta, huonyesha muda wa kuzaliwa kwa --created na kupanga kwa --sort=created. Lugha ya Rust yenyewe ina njia ya kuuliza muda huo, lakini njia hiyo inaweza kurudisha kosa badala ya tarehe, na mwandishi wa programu lazima aamue afanye nini na kosa hilo. Ni lile swali la sifuri, limevaa nguo nyingine. Kwa Python, mambo yalikuwa ya kuchekesha: st_ctime ilimaanisha mabadiliko ya inodi kwenye Unix na kuundwa kwa faili kwenye Windows, jina moja kwa vitu viwili. Toleo 3.12 likaongeza st_birthtime upande wa Windows na kuanza kuiacha maana ile ya zamani.

Baada ya kupata njia yangu ya stat nilitulia, kisha data yenyewe ikaanza kunifundisha.

Mhariri mmoja wa ripoti alitaka kujua ni nyaraka zipi zilianzishwa tangu mwanzo wa mwaka, tofauti na zile zilizohaririwa tu. Nikaendesha mzunguko wangu, nikampa orodha, akaitazama na kucheka: theluthi yake zilikuwa nyaraka alizozifahamu kwa miaka. Zilikuwa zimehaririwa, naam, lakini mfumo ulisema zimezaliwa mwezi ule. Wala haukudanganya. Programu nyingi za kuandikia hazisevu juu ya faili lililopo. Huandika faili jipya pembeni lenye jina la muda, zikihakikisha limekamilika, kisha hulipa jina la lile la zamani kwa mpigo mmoja. Ni njia salama, kwani umeme ukikatika katikati hupotezi vyote viwili. Lakini faili lililobaki na jina ni inodi mpya, na siku ya kuzaliwa ya inodi hiyo ni siku uliyobonyeza kusevu. sed -i hufanya vivyo hivyo, tena kwa kila faili unaloipa, hata lile ambalo halikuwa na neno la kubadilisha.

Tarehe ya kuzaliwa ni ya inodi, kwenye diski hiyo. Si ya waraka, si ya picha, si ya wazo lililomo. Ukiielewa hivyo, tabia zake zote zinanyooka. cp hutengeneza inodi mpya, kwa hiyo nakala huzaliwa leo, na -p haibadilishi hilo, kwa sababu Linux haina mwito wa kupanga muda wa kuzaliwa. Touch hugusa atime na mtime basi. mv ndani ya mfumo mmoja wa mafaili hubadili jina tu na tarehe inabaki. Mv kutoka diski moja kwenda nyingine ni kunakili na kufuta, na tarehe inakufa. git, chombo cha kutunza historia ya kodi, haihifadhi mihuri ya muda ya mafaili hata kidogo, kwa hiyo hazina uliyoivuta asubuhi ina mafaili yaliyozaliwa asubuhi, hata kama kodi ni ya 2005. tar ya kawaida haibebi muda wa kuzaliwa. rsync ina --crtimes, ambayo ilianzia kwa watu wa Mac, maana kule kuna mahali pa kuuandika.

Na bakapu. Tulipohamisha seva moja kwenda kwenye diski mpya kwa kurejesha kutoka kwenye bakapu, mafaili yote, kuanzia ya kale kabisa, yalizaliwa ndani ya saa chache za usiku uleule. mtime zilikuwa salama. ctime zilikuwa za usiku ule, kama ilivyotarajiwa. Na muda wa kuzaliwa, ambao baadhi yetu tulikuwa tumeanza kuutegemea kwenye ripoti za kila mwezi, ulikuwa umefutika bila njia ya kuurudisha, isipokuwa mtu ashike debugfs na kuandika sehemu za inodi moja moja. Hakuna aliyejitolea.

Ukitoka Linux, mazoea yanageuka tena. Kwenye FreeBSD, ukiipa faili mtime iliyo kabla ya kuzaliwa kwake, muda wa kuzaliwa nao unarudi nyuma ulingane nayo. Kwenye HFS+ ya Mac ni hivyohivyo. Windows ina desturi ngeni zaidi: ukifuta faili na kuunda jingine lenye jina lilelile katika folda ileile ndani ya sekunde 15, jipya hurithi tarehe ya kuundwa ya marehemu. Desturi hiyo iliwekwa makusudi kwa ajili ya zile programu zinazosevu kwa kubadilisha majina, yaani Windows iliamua kwamba mtumiaji anamaanisha waraka, na Linux ikaamua anamaanisha inodi. Mimi napendelea uamuzi wa Linux kwa kazi yangu, kwa kuwa najua ninachokitazama. Mhariri yule wa ripoti angechagua wa Windows bila kufikiri mara mbili.

Mahali ambapo muda wa kuzaliwa umenilipa zaidi si pale nilipoutarajia. Ni pale unapousoma kando ya mtime. Faili ambalo mtime yake ni ya zamani kuliko kuzaliwa kwake kwa kawaida halikuandikwa hapo. Limeletwa, kwa kunakiliwa, kufunguliwa kutoka kwenye furushi au kurejeshwa. Wapelelezi wa kompyuta wamelitumia jambo hilo kwenye NTFS kwa miaka mingi. Niliongeza sharti hilo moja kwenye awk, safu ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza:

find . -type f -print0 | xargs -0 stat --printf '%W\t%Y\t%n\n' | awk -F'\t' '$1 > 0 && $2 < $1'

Hapa nimemalizia kwa \n kwa sababu ni ukaguzi wa macho, na jina lenye mstari mpya likitokea nitaliona. Orodha inayotoka ni ya wageni wa folda hiyo waliokuja na mtime yao ya asili. Kwenye seva ambayo watu hupakia vitu vyao, ndiyo orodha niliyokuwa naitaka tangu siku ya furushi la 2016, nami nilikuwa naitafuta kwa muhuri mmoja wakati jibu lilikuwa kwenye tofauti ya miwili. Ile $1 > 0 ipo kwa ajili ya sifuri, usiitoe.

Kwa maswali ambayo kweli ni ya waraka na si ya inodi, niliacha kuuliza mfumo wa mafaili. Picha hubeba tarehe yake ya kupigwa ndani ya EXIF, maelezo yanayofungwa ndani ya picha yenyewe, na exiftool huisoma hata baada ya picha kunakiliwa diski kumi. Kodi iliyo kwenye git, nauliza git yenyewe: git log --diff-filter=A --follow na jina la faili, inakuonyesha siku lilipoongezwa mara ya kwanza. Na kwa folda za kupokelea mizigo, tuliweka programu ndogo inayosikiliza inotify, njia ya kerneli ya kutangaza mabadiliko ya mafaili, na kuandika mstari mmoja kwa kila faili linalofika: saa, jina, ukubwa, aliyeleta. Daftari hilo linahamishwa pamoja na data kama faili la kawaida, kwa hiyo halikuguswa na urejeshaji uliofuata.

Kwenye Mac kuna mdfind, inayouliza faharasa badala ya kutembea kwenye diski, na kMDItemFSCreationDate ni moja ya vitu inavyovijua. Ni ya haraka mno, na haifai kabisa kwa folda ambazo hazikuingizwa kwenye faharasa, jambo ambalo halikuonyi nalo.

Kila ninapopandisha toleo la findutils, kifurushi chenye find, kwenye seva ya majaribio, huendesha mstari mmoja kabla ya mengine yote:

find . -maxdepth 1 -printf '%B+ %p\n'

Kama safu ya kushoto ni tupu, skripti yangu ya stat inabaki ilipo. Siku safu hiyo ikijaa nitaanza kwa kujaribu diski yenye inodi za baiti 128, nione wameamua nini juu ya mafaili yasiyo na tarehe, kabla sijafuta hata mstari mmoja wa awk.